Kutoa AC, kubakisha hita

Wiki hii naweka programu kando, tuongee gari. Msikimbie, mtaona mambo ni yale yale.

Gari lenyewe ni la Mama, Toyota kuukuu. Kompresa ya AC imekuwa ikipiga kelele, beringi imekwisha. Kuizima AC hakusaidii, maana puli yake inazunguka kila injini inapowaka, na ikikwama siku moja itakata mkanda. Kompresa nyingine ni pesa nyingi kwa kitu ambacho Mama hajakiwasha miaka na miaka. Lakini yeye ni mwalimu, hutoka Limuru alfajiri, na wanaoijua Limuru ya Julai wanaujua ule ukungu. Bila hita kioo cha mbele kinajaa mvuke na haoni barabara.

Fundi wa kwanza alisema, "Bosi, hita na AC ni kitu kimoja. Ukitoa moja na nyingine imeenda." Nikamshukuru nikatafuta mwingine.

Si kitu kimoja. Hita haina gesi wala kompresa. Ni maji ya moto ya injini tu, yanasukumwa na pampu ya maji kupitia mipira miwili hadi kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, feni inapuliza hewa juu yake, basi. Yaani joto ambalo injini ingelitupa. AC ni mzunguko wake peke yake: kompresa, kondensa mbele ya rejeta kubwa, halafu evaporeta ndani. Zinakutana mahali pamoja tu, kwenye njia ya hewa, ambako feni ni moja na vile vifuniko vya kuelekeza hewa ni vile vile. Kwa hiyo swali ni lile tunalojiuliza kabla ya kufuta funksheni: nani mwingine anaiita?

Ukifungua boneti, mabomba ya alumini ni ya AC. Mipira miwili myeusi inayoingia ukutani kuelekea dashibodi ni ya hita, hiyo isiguswe.

Kwanza gesi. Tafadhali usimruhusu mtu alegeze bomba ikiwa bado imo. R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikikurukia jichoni imeligandisha. Na ikitoka angani, kilo moja inapasha dunia joto kama kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi kwa hesabu ya miaka 100. Wenye mashine ya kuivuta wapo, walipe.

Pili mkanda. Kwenye gari la Mama kompresa ina mkanda wake, ukautoa umemaliza. Magari mengi ya karibuni yana mkanda mmoja mrefu unaozungusha kila kitu, pamoja na jenereta na pengine pampu ya maji. Hapo unahitaji mkanda mfupi au puli ya kujaza nafasi, na upime vizuri jinsi unavyopita.

Tatu, hapa ndipo watu huua hita. Evaporeta ya gari hili imekaa kati ya feni na hita. Ukiing'oa na boksi lake, hewa haina njia, inamwagikia miguuni kwa abiria, halafu unaambiwa "si nilikwambia?" Fundi alitaka kuitoa, nikamwomba aiache ndani, tukaziba midomo ya mabomba yake upande wa injini. Haina kazi tena, lakini hewa inapita katikati yake kama zamani. Nimeacha msimbo wa aina hiyo kazini mara nyingi, na sioni aibu.

Kuna hasara moja ya kweli. AC hukausha hewa, hita huipasha tu, kwa hiyo kioo kinachukua muda zaidi kusafika. Mama sasa anaweka kitasa kwenye hewa ya nje, si ile inayozunguka ndani, na dirisha analifungua kidole kimoja.

Waya tumezifunga kwa tepu, hatukukata hata moja. Feni ya kondensa tumeiacha hadi nihakikishe haisaidii rejeta kubwa. Kondensa yenyewe ni nzima, iko stoo, anayeihitaji aje na spana arudi nayo.