Msimbati, na Wanawake Waliokwenda Kusomea Jua

Mwezi huu twataka kuwachukua hata mwisho wa nchi upande wa kusini, mahali paitwapo Msimbati. Atokaye Mtwara mjini hupita kati ya mikorosho na minazi, hupita Madimba, na mwisho njia humtoa katika mchanga mweupe wa pwani. Mbele yake ni Bahari ya Hindi. Kusini ni maingilio ya Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Huko mikoko husimama miguu majini, nayo ndiyo malezi ya kamba na samaki wadogo. Mwaka 2000 Serikali iliifanya sehemu hii kuwa hifadhi ya bahari, wala watu wake hawakuondolewa. Hukaa na kuvua kwa kufuata kanuni.

Lakini Msimbati haikupata sifa kwa samaki tu. Mwaka 1982 kampuni ya Italia iitwayo AGIP ilichimba kisima katika Ghuba ya Mnazi, ikakuta gesi. Gesi ile ilikaa chini ya ardhi zaidi ya miaka ishirini bila kazi. Baadaye ikaanza kuendesha mitambo ya umeme mjini Mtwara, na mwaka 2015 likafunguliwa bomba kubwa, urefu wake zaidi ya kilomita 500, liichukualo gesi kutoka Madimba hata Dar es Salaam. Kabla bomba halijakwisha, mwaka 2013, watu wengi wa Mtwara waliuliza: Mali hii itokayo kwetu yatufaa nini sisi? Ulizo hilo likazaa ghasia, na watu wakafa.

Hatukuja hapa kuhukumu shauri lile. Twataka kuonyesha jambo moja tu, kwamba mtu aweza kukaa karibu na chimbuko la moto, na usiku akawasha kibatari. Maana gesi haiingii taani yenyewe. Yataka mitambo, nguzo na nyaya, na kijiji kilicho mbali na chenye nyumba chache ndicho kifikiwacho mwisho. Tena gesi ni kama akiba ya ghalani: ichotwayo leo haitakuwapo kesho. Na moshi wa mafuta na gesi ya dunia nzima huongeza joto la hewa na la bahari. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani zetu yakageuka meupe, yakafa. Mvuvi aujua msiba huo, kwa kuwa penye matumbawe yaliyokufa samaki hupungua.

Basi uko moto mwingine, usiochimbwa wala kupitishwa katika bomba, nao ni jua. Habari tupendayo kuwapa ni ya wanawake wa vijijini, wa mikoa hii ya Lindi na Mtwara, ambao mwaka 2011 walivuka bahari kwenda India kusomea umeme wa jua. Walikwenda Tilonia, katika jimbo la Rajasthan, kwenye chuo kiitwacho Barefoot College, kilichoanzishwa mwaka 1972 na Bunker Roy. Masomo yao yalikuwa ya miezi sita.

Chuo hicho hakiulizi cheti. Huchagua akina mama, na hata mabibi wenye wajukuu, ambao wengine hawajui kusoma. Huketi pamoja na wanawake wa mataifa mengine, wasiojuana lugha, nao hufundishwa kwa ishara, kwa rangi na kwa kutenda. Waya wa rangi hii huenda hapa, kipande cha rangi ile huenda pale. Mkono hushika chuma cha kulehemu hata ukazoea. Hujifunza kuunda taa, na kuunda chombo kinachoilinda betri isijae kupita kiasi wala kuishiwa kabisa; hujifunza kufunga sola juu ya paa, na kutafuta kosa taa ikikataa kuwaka.

Kwa nini mama, wala si kijana aliyemaliza shule? Jibu la chuo ni hili: kijana akipata cheti huenda mjini kutafuta kazi, na ujuzi wake huondoka naye, bali bibi ana shamba lake, ana wajukuu wake, naye atarudi. Lakini tusidhani safari ile ni nyepesi. Mama aachaye nyumba nusu mwaka huacha watoto, shamba na mume, na majirani hawakosi maneno. Akirudi, kazi ndiyo kwanza yaanza. Betri huchakaa, taa huharibika. Kwa hiyo desturi ya mpango huu ni kwamba kijiji huweka kamati, na kila nyumba hutoa fedha kidogo kila mwezi, kadiri ya zile zilizokuwa zikinunua mafuta ya taa. Kamati ikilala, fedha hukoma, na giza hurudi.

Tangu mwaka 2015 haikuwa lazima tena kwenda mbali hivyo, kwa kuwa chuo kama hicho kilifunguliwa Kinyasini, kisiwani Unguja, na mafundisho yakawa kwa Kiswahili.

Ninyi walimu, twawasihi mlitazame jambo hili vema. Mara nyingi twampima mwanafunzi kwa umbali alioufikia. Wanawake hawa walifika mbali, lakini kipimo chao ni kingine: ni mtoto asomaye usiku bila moshi machoni. Na ninyi wenye nyumba, siku kijiji kitakapoulizwa nani apelekwe kusoma, msiwatazame vijana peke yao. Mtazameni na yule mama ambaye taa ikizimika atakuwapo kuiwasha.