Kimya Nacho ni Tuzo

Wapo watu wanaodhani kwamba mtu anayekwenda kusikiliza muziki hana kazi. Kazi, kwa maoni yao, ni ya waimbaji na wapigaji. Msikilizaji amekwisha kulipa kiingilio, kilichobaki ni kukaa na kupokea. Mimi siafikiani nao. Hadhira ina kazi yake, na ikiifanya vibaya, hata muziki ulio bora huharibika. Ila namna ya kuifanya kazi hiyo haifanani kila mahali, na hilo ndilo ninalotaka tulitazame, msomaji wangu, kwa kupitia muziki ambao si wa kwetu.

Sisi tuliolelewa na taarabu tunaijua kazi hiyo tangu utotoni. Mwimbaji akifika kwenye ubeti uliomgusa mtu, mtu huyo huinuka, akaenda mbele kwa madaha, noti mkononi, akamtunza. Mwingine hupiga kigelegele. Mwingine hapeleki noti kwa sababu ya mwimbaji, bali kwa sababu ya jirani yake aliyeketi safu ya pili, ambaye anajua vyema kwamba maneno yale yamemlenga yeye. Kaka yangu, aliyekuwa mpiga fidla katika kikundi kimoja cha taarabu mjini Tanga, alizoea kusema kwamba ukumbi ambao haumwinui mtu kitini ni ukumbi wa kufunga vyombo na kurudi nyumbani. Kwake yeye kimya cha watu kilikuwa hukumu.

Kwa hiyo nilipohamia London na kuanza kuhudhuria opera, kimya cha wenyeji kilinitisha. Opera, kwa asiyeijua, ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa, huku okestra ikiwasindikiza waimbaji. Zile za karne ya 19, zama ambazo wahakiki wetu huziita za ulimbwende, zimejaa mapenzi, usaliti na vifo. Jukwaani mtu anachomwa mkuki, mwanamke anaomboleza, na huku chini hadhira imetulia kama maji mtungini. Nilijiuliza: je, hawa hawana nyoyo?

Baadaye nilikuja kujua kwamba kimya hicho hawakuzaliwa nacho. Mwezi Machi 1861, opera ya Tannhäuser ya Mjerumani Richard Wagner ilionyeshwa mjini Paris. Wanachama wa klabu moja ya mabwana wakubwa walikuwa wamezoea kuchelewa kufika na kukuta dansi katikati ya mchezo. Wagner aliiweka dansi mwanzoni. Basi walikuja na filimbi, wakazipuliza na kuzomea, hata baada ya maonyesho matatu mwenyewe akaiondoa opera yake. Miaka 21 baadaye, mwaka 1882, opera yake ya Parsifal ilipofunguliwa huko Bayreuth, mambo yaligeuka. Wagner hakutaka waimbaji waitwe mbele ya pazia katikati ya mchezo. Watu wakafahamu kwamba hawaruhusiwi kupiga makofi hata kidogo, wakanyamaza, ikabidi yeye mwenyewe awaeleze. Inasimuliwa kwamba katika onyesho jingine alijisahau akapaza sauti kuwapongeza waimbaji wa kike, na wasikilizaji wakamzomea wanyamazishe mtovu wa adabu. Ndiyo kusema kimya kile kilifundishwa, kama sisi tulivyofundishwa kutunza.

Kuyajua hayo, hata hivyo, si sawa na kuyaona. Niliyaona mwaka 2013. Mwaka ule ilitimia miaka 200 tangu Wagner azaliwe, na tamasha la Proms, ambalo limekuwa likifanyika London kila kiangazi tangu 1895, lilipanga kupiga opera zake nne zinazoitwa kwa pamoja Ring, zote katika wiki moja ya Julai, ndani ya Royal Albert Hall. Okestra ilikuwa Staatskapelle ya Berlin, na kiongozi wake Daniel Barenboim. Jirani yangu, mzee wa Kiingereza aliyekuwa amestaafu ualimu, alinichukua kwenda kusikiliza ya mwisho, Götterdämmerung, yaani Machweo ya Miungu, tarehe 28.

Haya hayakuwa maonyesho ya kawaida ya opera. Hapakuwa na nyumba za mbao wala milima ya kuchorwa. Katika kisa kile kuna mto unaofurika, kuna farasi, kuna moto unaoteketeza hata makao ya miungu. Ukumbini hapakuwa na hata kimoja cha hivyo. Okestra ilikaa jukwaani mbele ya macho yetu, na waimbaji walisimama kando yake, wakisogea hatua chache tu pale ilipolazimu. Si jambo geni ukumbini mle: Wagner mwenyewe aliwahi kuongoza hapo sehemu za opera zake kwa mtindo wa konseti, mwaka 1877. Lakini opera ikivuliwa mapambo namna hiyo, moto na maji inabidi viwashwe na kutiririshwa na msikilizaji akilini mwake. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba wale waliokaa kimya walikuwa kazini.

Mbele ya jukwaa kuna uwanda usio na viti. Waliosimama pale walilipa pauni 5 tu, na opera ile, pamoja na mapumziko yake, inakaribia saa sita. Ukumbi ulikuwa na joto. Niliona vijana na wazee, baadhi wakifuata maneno kitabuni, wengine wamefumba macho. Katika ukumbi unaochukua watu zaidi ya 5,000 nilisikia karatasi moja ikifunuliwa mbali na mimi.

Sasa sina budi kusema jambo langu. Kaka yangu alifariki mwezi Machi mwaka ule ule. Mimi nilikuwa nimetoka kufanyiwa upasuaji, na daktari alinikataza kupanda ndege. Akazikwa Tanga siku ile ile, nami niko kitandani London. Simu zilikuja nyingi, za upendo kabisa. Lakini ukishaweka simu chini, chumba ni kile kile. Nilipopata nguvu za kusafiri, matanga yalikuwa yamekwisha anuliwa. Nilikuwa nimepewa pole na kila mtu, ila sikuwa nimekaa na mtu.

Karibu na mwisho wa opera ile, shujaa Siegfried anachomwa mkuki mgongoni na kufa. Baada ya hapo hakuna anayeimba kwa muda. Okestra peke yake inamsindikiza maiti, ikizikumbusha moja moja sauti tulizozisikia tangu kabla hajazaliwa, kama jamaa wanavyokumbushana habari za marehemu. Kisha mkewe Brünnhilde, aliyeimbwa na Nina Stemme, anaaga na kuingia motoni. Mto unafurika, miungu inateketea, na juu ya maangamizi yote hayo zinabaki fidla zikipanda na wimbo mmoja mpana, mpole, mpaka unatulia na kufifia.

Sauti ya mwisho ilikata. Hapakutokea kofi hata moja. Katika kumbi hizi hakukosi mtu wa kupiga kelele za sifa kabla pumzi ya wapiga tarumbeta haijaisha. Usiku ule hakuwapo. Maelfu ya watu, wengine wakiwa wima tangu alasiri, walikaa bila kutikisika. Sikuhesabu ni muda gani. Uliweza kuvuta pumzi, ukaishusha, ukavuta nyingine, na bado kimya. Hakuna aliyemjua kaka yangu mle ndani. Lakini msibani kwetu nako wajao si wote wanaomjua marehemu, wala si wote wenye la kusema. Wanaingia, wanakaa mkekani, na kule kukaa kwao ndiko pole yenyewe. Nililia bila sauti, na mzee wa watu hakunigeukia wala hakuniuliza, jambo ninalomshukuru mpaka leo.

Halafu ukumbi ulilipuka. Makofi, vifijo, miguu ikipiga sakafu. Barenboim alipopata nafasi aliwahutubia watu, akawaambia kwamba usiku wa namna ile haufanywi na wanamuziki peke yao. Unategemea pia uwezo wa watu wa kusikiliza, na kimya walichokileta wao ni kitu ambacho hata hakuwahi kukiota. Tulipokuwa tukitoka, mzee aliniuliza, "Kwenu wangefanyaje?" Nikamjibu, "Mama yule angekwisha kutunzwa noti saa mbili zilizopita." Akacheka, akasema basi angestahili na kikapu cha kuzitilia.

Lakini nisije nikakusifia kimya kupita kiasi. Wagner huyu aliwachukia Wayahudi, na mwaka 1850 aliandika makala nzima ya kuwatukana. Baadaye muziki wake ulitukuzwa na Hitler. Barenboim, ambaye ni Myahudi, alikwenda Jerusalem na okestra hiyo hiyo ya Berlin mwezi Julai 2001. Programu iliyotangazwa ilipokwisha, aliwauliza watu kama wangependa kusikia kipande cha Wagner nje ya programu. Palizuka mabishano ya kama nusu saa. Wengine walipaza sauti kwa hasira, wakatoka wakibamiza milango. Waliobaki walisikiliza utangulizi wa Tristan und Isolde, kisha wakashangilia. Mimi siwezi kuwahukumu waliotoka. Mlango unaobamizwa nao ni jibu la hadhira, na pengine nyuma yake kulikuwa na makaburi ambayo muziki hauwezi kuyafunika. Mtu asiyeweza kunyamaza mbele ya sauti fulani asilazimishwe kunyamaza.

Ndiyo maana nasema kimya ni tuzo, si wajibu. Kikilazimishwa kinakuwa woga, na ukumbi wenye woga hauna tofauti na ukumbi uliolala. Ila kikitolewa kwa hiari, kina thamani ya noti na kigelegele, na mtoaji wake hana haja ya kuwa mjuzi wa okestra wala wa Kijerumani. Siku utakapojikuta mahali ambapo sauti nzuri inafika mwisho wake, mikono yako ikianza kuinuka, ishike kidogo. Waimbaji hawatakimbia, makofi yatapigwa, na huenda aliyeketi karibu nawe anauhitaji sana muda ule mfupi.