Yethro Alikaa Siku Chache

Kila mwaka tunapoaga usharika kwa wiki moja, wapendwa hutuuliza tunakwenda wapi. Tukijibu kwamba tunakwenda kuwalea wanafunzi wa shahada ya uzamivu katika akili mnemba, wengine hucheka, maana wanafunzi hao wana ndevu na wengine wana watoto wao. Kulea nini tena? Mzee mmoja wa kanisa alituvuta pembeni akauliza kama hiyo akili mnemba si ile namba ya mnyama iliyotajwa katika Ufunuo. Tulimwambia kwamba namba hiyo hatujaiona kwenye kompyuta za wanafunzi wetu. Tulichoona ni vijana wenye macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Ulezi huu si mgeni kwetu. Kwaya yetu ina mlezi, na kila mtu anajua hawezi kuimba besi. Hata hivyo kwaya ikigombana, nyumba inayobishiwa hodi ni yake.

Warsha za namna hii zipo duniani kote. Mikutano mikubwa ya akili mnemba hutenga siku moja au mbili kwa ajili ya wanafunzi wachache wa uzamivu. Kila mmoja huelezea utafiti wake mbele ya wataalamu, kisha hupangiwa mlezi asiyetoka chuoni kwake. Lakini kufika huko ni kazi nyingine. Mwaka 2018 watafiti kadhaa wa Kiafrika walinyimwa viza za Kanada, wakaukosa mkutano mkubwa wa fani yao uliofanyika Montreal. Ndiyo maana tulifurahi sana Waafrika wenyewe walipoanzisha Deep Learning Indaba mwaka 2017 huko Johannesburg. Mwaka 2018 ikawa Stellenbosch, na mwaka 2019 ikafika Nairobi, katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Indaba kwa Kizulu ni kikao cha kuzungumza jambo.

Warsha tunayokwenda sisi wawili, mume na mke, ni ndogo zaidi: ukumbi, meza kumi na mbili, chai ya saa nne, na saa nzima kwa kila mwanafunzi. Mtu angedhani saa hiyo ni ya hesabu. Hesabu huisha ndani ya dakika kumi. Kisha linakuja lililomleta. Msimamizi hajamjibu tangu Pasaka. Kampuni ya ng'ambo yenye maelfu ya kompyuta imetangaza kitu kilekile alichokihangaikia kwa miaka mitatu, naye ana kompyuta moja na umeme wa kukatikakatika. Baba anauliza atamaliza lini, maana mdogo wake ameshajenga.

Katika saa hizo tunamkumbuka Yethro, mkwewe Musa. Alifika jangwani, akaingia hemani, akasikiliza kwanza. Kesho yake akakaa akamtazama Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni. Baada ya hapo ndipo akasema kwamba kazi ile ingemmaliza, akampa shauri, akarudi nchini kwake. Hakuwa mkubwa wake kazini, wala hakudai chochote. Tunaona nguvu ya neno lake ilikuwa hapo. Mlezi wa warsha naye hatoi alama wala hagusi fedha za mwanafunzi, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kumwambia ukweli.

Miaka miwili iliyopita alikaa mezani petu dada mmoja. Alikuwa anatengeneza programu ya kutafsiri kati ya Kiswahili na Kinyakyusa, ili mama aliye kijijini aweze kuuliza jambo la afya kwa simu. Programu kama hiyo hujifunza kwa kusoma sentensi nyingi zilizopangwa lugha mbili zikitazamana. Sentensi hizo zinatoka wapi? Kwa lugha nyingi za Afrika maandishi marefu kuliko yote yenye tafsiri ni Maandiko Matakatifu, na yamekwisha kugawanywa sura kwa sura, mstari kwa mstari. Wamisionari na wazee waliosaidiana nao kutafsiri hawakujua kwamba walikuwa wakiziandalia darasa kompyuta. Tuliposikia hayo tulijawa na furaha, hatufichi.

Alama za programu yake zilikuwa za juu. Lakini aliipima kwa mistari aliyoificha kutoka Kitabu kilekile, kama mtoto wa kipaimara anayeulizwa maswali yaleyale aliyokariri. Tulimwomba aijaribu kwa maneno ya nyumbani: mtoto anaharisha, je, nimpeleke zahanati? Akasoma jibu, akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Zahanati ilikuwa imegeuka hekalu. Vidonge vilikuwa mkate.

Msimamizi wake alitaka makala yenye zile alama za juu ipelekwe ndani ya wiki tatu, na ufadhili wa mwaka uliofuata ulitegemea makala hiyo. Usiku ule nyumba ya wageni hatukulala mapema. Mmoja wetu alisema lazima aandike yote. Mwingine alihesabu kodi ya nyumba na mtoto wa miaka miwili, akauliza ni nani kati yetu atakayelipa. Tuliomba, na maombi hayakutupa jibu la kodi. Asubuhi tulimuuliza swali moja tu: mjukuu wa mama yako akiugua usiku, utampa mama simu yenye programu hii?

"Hapana, mwalimu," alisema. Hakulia, ila hakugusa chai yake.

Aliandika yote. Ufadhili haukuongezwa. Jioni anafundisha masomo ya ziada, na wikendi anakusanya sentensi kwa mama yake, kwa majirani, na kwa muuguzi mmoja mvumilivu sana. Amefikisha 900 na ushee. Alipoipima programu kwa sentensi hizo alama zilishuka chini ya nusu, na sura inayoeleza sababu yake ndiyo nene kuliko zote katika tasnifu ambayo bado hajaimaliza. Tunamwombea kwa jina kila Alhamisi. Wapo marafiki wanaotuambia kwamba mtu wa nje ni rahisi kuhimiza ukweli, kwa kuwa gharama haimfikii. Neno hilo tunalichukulia kwa uzito, na tangu hapo hatuachi warsha iishe bila kuuliza nani analipa kodi.

Wazee wa kijijini kwao wanabishana namna ya kusema "kuharisha" kwa adabu mbele ya mkwe, naye anaandika pande zote mbili. Mwaka huu waandaaji wamempangia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amlee. Ametupigia simu kuomba jambo moja: tusikae meza iliyo karibu na yake.