Kamera ya Mfukoni

Msomaji wangu, ikiwa wewe ni kijana na hujapata kumiliki chombo cha kupigia picha, huenda ukadhani kwamba kuchagua kamera ni jambo dogo, la kuamuliwa dukani kwa kutazama rangi yake na kusoma namba iliyoandikwa juu ya sanduku lake. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilifundishwa kinyume chake kwa gharama isiyolipika kwa fedha, na kwa sababu hiyo nataka kukusimulia habari zangu, ili siku yako ya kuchagua ikifika usitumbukie katika shimo nililotumbukia mimi.

Nilizaliwa Makongeni, upande wa mashariki wa Nairobi, katika mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mbele ya kamera alikuwa hana maneno kabisa. Kila alipopigwa picha alikaza uso kama shahidi anayeapishwa mahakamani. Kicheko chake tulikijua sisi wa nyumbani tu, nacho kilitoka kwa nadra, wakati wa jioni, akiisha kuvua viatu na kupewa chai.

Mwanzo wa mwaka 2012 nilinunua kamera ndogo ya dijitali katika duka moja la mjini. Muuzaji alinionyesha namba 16 juu ya sanduku, akasema kwamba hizo ni megapikseli, na kwamba kamera yenye nyingi ni bora kuliko yenye chache. Kuuliza si ujinga, lakini siku ile niliona haya kuonekana mjinga. Nikalipa, nikapanda matatu, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha kubwa.

Mchana kamera ile haikunipa sababu ya kujuta. Nilipiga picha za watoto wakicheza mpira katika uwanja wa vumbi, za nguo zilizoanikwa baina ya nyumba, na za msongamano wa magari katika Barabara ya Jogoo. Zote zilitoka safi, nami nikajisifu. Kisha ikaja jioni moja ya mwezi wa Mei. Dada yangu alimleta mtoto wake wa kwanza, na baba akampakata mjukuu wake. Mtoto akamshika ndevu. Baba akacheka kwa sauti, kicheko ambacho sikupata kukisikia kabla ya siku ile, mpaka machozi yakamtoka.

Chumba kilikuwa na taa moja. Nilitoa kamera mbio mbio, nikapiga. Picha ya kwanza ilikuwa ukungu mtupu, nyuso zimevurugika kama uji. Ya pili ilijaa chembe chembe mfano wa mchanga. Kwa ya tatu niliiwasha taa ya kamera. Mwanga wake mkali ukampiga mtoto machoni, akaangua kilio, na baba akaacha kucheka. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, weka kitu hicho, uje unywe chai." Nikakiweka. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule baba alifariki. Picha iliyotangulia mbele ya jeneza lake ilikuwa ile ya kitambulisho, iliyokuzwa mpaka ikafifia, naye alikuwa amekaza uso.

Baada ya matanga nilimwendea mzee mmoja wa Shauri Moyo, ambaye katika ujana wake alikuwa mpiga picha wa studio. Nilimwonyesha zile picha tatu na kulalamika kwamba kamera imenidanganya. Alizitazama kwa muda, kisha akasema, "La, kijana wangu. Wewe ulinunua namba, na picha haipigwi kwa namba. Hupigwa kwa mwanga."

Kwa muda wa majuma kadhaa mzee yule alinieleza mambo ambayo sasa nakueleza wewe. Ndani ya kila kamera ya dijitali mna kibamba kinachopokea mwanga, badala ya filamu ya zamani. Kibamba hicho kimegawanywa katika vyumba vidogo sana, navyo ndivyo vinavyoitwa pikseli. Vyumba milioni moja ni megapikseli moja. Fikiri habari ya shamba. Mtu mwenye eka moja akiwagawia wana wake 16, kila mwana hupata kipande kidogo kuliko kama wangalikuwa 10. Kuongeza warithi si kuongeza shamba. Vivyo hivyo, kuongeza megapikseli juu ya kibamba kile kile hakuongezi mwanga unaoingia. Huugawanya tu katika vipande vidogo zaidi. Watengenezaji wenyewe walilikiri jambo hili kwa vitendo. Kamera ya Canon PowerShot G10 ya mwaka 2008 ilikuwa na megapikseli 14.7, lakini G11 iliyoifuata mwaka 2009 ilipewa 10 tu, ili ifanye kazi vizuri zaidi penye mwanga haba.

Basi tulilinganisha kamera kwa ukubwa wa shamba, wala si kwa idadi ya warithi. Kamera ndogo nyingi za siku zile, kama hiyo yangu ya kwanza, zilikuwa na kibamba cha milimita za mraba zipatazo 28 tu, eneo dogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho. Canon PowerShot S95, iliyotoka mwaka 2010, ilikuwa na kibamba cha milimita za mraba zipatazo 41. Sony RX100, iliyotoka mwaka 2012, ilikuwa na milimita za mraba 116, yaani mara nne ya kamera yangu, na bado iliingia mfukoni kwa uzito wa gramu 240. Ricoh GR ya mwaka 2013 ilizipita zote: kibamba chake kilikaribia milimita za mraba 372, sawa na cha kamera nyingi kubwa zinazoning'inizwa shingoni.

Jambo la pili ni tundu la lenzi. Chumba chenye dirisha pana hupata nuru kuliko chenye dirisha jembamba, na kamera ni chumba. Tundu hilo hupimwa kwa namba, na kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo tundu lilivyo kubwa. Lenzi ya kamera yangu ya kwanza ilianzia 3.5, na ile ya S95 ilianzia 2.0, tofauti hiyo, ambayo kwa jicho la mnunuzi ni ndogo, huingiza mwanga mara tatu. Walakini hapa pana mtego. Lenzi nyingi zinazoweza kuvuta vitu vya mbali karibu hupungua tundu kila zinapovuta. RX100 ile huanza na 1.8, lakini ikivuta hadi mwisho huwa 4.9, na mwanga hupungua hata kuwa karibu sehemu moja ya saba. Kwa hiyo, penye giza, usivute, sogea.

Kusogea huko ndiko kulikonifunza jambo la tatu, nalo si la vyombo bali la adabu. Ricoh GR haivuti kabisa. Mwenye kuitumia akitaka uso wa mama auzaye mandazi asubuhi, sharti aende mpaka karibu na karai, amsalimu, aombe ruhusa, na huenda akanunua mandazi mawili. Nilidhani huo ni upungufu. Mzee akasema kwamba mwenye kumvizia mtu kwa mbali humchukulia kitu chake bila idhini, bali mwenye kumkaribia hupewa. Tangu hapo sikupiga tena picha ya mtu wa mtaani asiyejua kwamba ninampiga, na kila ninapoweza humrudishia nakala iliyochapishwa. Katika mitaa yetu watu wengi wamepigwa picha na wageni wakiwa katika shida zao, na ni wachache mno waliopata kuziona picha hizo.

Huenda utauliza, "Kwa nini usinunue kamera kubwa, ukaondoa shaka zote?" Jibu ni kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Kamera kubwa hukaa kabatini kwa sababu ni nzito, na kwa sababu mwenyewe anaogopa kunyang'anywa njiani. Kamera ya mfukoni huenda nawe sokoni Burma, kituo cha matatu, kanisani au msikitini, na kwenye ukumbi wa Kaloleni. Haiwatishi watoto wala haimfanyi mzee avae uso wa mahakamani. Lakini ina udhaifu wake, nao ni vumbi. Lenzi inayotoka na kurudi ndani hubeba vumbi kama mdomo unavyobeba chakula, na mitaa yetu haikosi vumbi. Itie katika kifuko cha kitambaa safi, uifunge kamba ya mkononi, wala usiitie mfuko mmoja na funguo au mandazi.

Nawe una haki ya kuuliza habari za simu. Haifai nikufiche ukweli kwa sababu ya mapenzi yangu. Simu nyingi za siku hizi hupiga picha kadhaa kwa haraka na kuziunganisha ziwe moja, na kwa njia hiyo hushinda giza ambalo kamera yangu ya mwaka 2012 haikuweza kulishinda. Ndiyo sababu biashara ya kamera ndogo imeanguka: mwaka 2010 viwanda vilipeleka sokoni zaidi ya kamera hizo milioni 100 duniani, na mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Ikiwa una simu nzuri, usidhani kwamba huna chombo. Kamera ya mfukoni inakufaa ikiwa wataka lenzi iliyo bora zaidi, au kitu cha picha tu, kisichokukatiza kwa ujumbe na simu za watu wakati unapotazama.

Wala usingoje chombo kikamilifu. Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Mohamed Amin, aliyezaliwa mwaka 1943 Eastleigh, katika upande huu huu wa Nairobi, alianza na Box Brownie iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Brownie ya kwanza ilitoka Marekani mwaka 1900 kwa bei ya dola 1, na jamii yake ilikuwa ni visanduku rahisi vya watu wa kawaida. Kutoka kisanduku hicho Amin alifika Ethiopia mwaka 1984, na picha zake za njaa ziliamsha huruma ya dunia nzima. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha huko Addis Ababa, na bado alirudi kazini mpaka alipofariki mwaka 1996. Kamera ya kwanza ya dijitali nayo haikuwa na fahari. Steven Sasson wa kampuni ya Kodak aliiunda mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4, ikachukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja ya pikseli 10,000. Leo tunalalamika kwa sababu ya megapikseli 10.

Mimi nilitamani RX100, lakini mfuko wangu haukukubali. Mwaka 2013 nilinunua S95 iliyotumika, yenye mikwaruzo ubavuni, megapikseli 10, na uzito usiofika gramu 200. Jioni ya kwanza nilimwomba mama aketi pale pale alipokuwa akiketi baba, chini ya taa ile moja. Sikuiwasha taa ya kamera. Niliegemeza viwiko juu ya meza ili mikono isitetemeke, sikuvuta lenzi, nikangoja. Dada yangu akakumbusha namna mtoto alivyomshika baba ndevu. Mama akacheka, na katikati ya kicheko akajifuta macho kwa ncha ya leso. Nikapiga.

Picha ile si kamilifu. Sikio moja la mama limefifia, na ukutani mna chembe chembe ukitazama kwa karibu. Lakini uso ni wake, na kicheko ni chake. Niliichapisha juma lile lile, kwa kuwa picha iliyomo ndani ya kadi tu yaweza kupotea pamoja na kadi. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na ya baba yako ya siku ile, haikutoka?" Nikamjibu kwamba haikutoka. Hakunilaumu. Aliitundika picha yake karibu na ile ya kitambulisho.

Basi, msomaji, ukifika dukani usiulize kwanza megapikseli. Uliza ukubwa wa kibamba, uliza namba ya tundu, uitie kamera mfukoni mwako uone kama inaingia, kisha mwombe muuzaji azime taa za duka ujaribu kupiga. Akikataa, nenda duka la pili. Ukiisha kununua, usianze na magari wala majumba ya mjini. Anza na watu wa nyumbani kwako, jioni, chini ya taa mliyo nayo.