Gari Lenye Nasaba Mbili



Ndugu zetu wasomaji, mwezi huu twaomba nafasi katika ukurasa huu tuwasimulie jambo lililotufika sisi wa nyumba hii. Hatukusudii kumshitaki mtu. Tumeona tu ya kwamba wengi wetu hapa Uingereza twanunua magari yaliyokwisha kutumika, na twayanunua kwa imani zaidi kuliko kwa macho.

Kisa chenyewe chatokana na kijana wetu wa kwanza. Alipotimiza miaka kumi na minane na kupata leseni, hakutaka gari kama la watu wengine. Alitaka gari la vipande. Kwa wasiolijua, viko viwanda vidogo vinavyouza bodi peke yake, au bodi pamoja na chasisi, na mnunuzi huliunda gari mwenyewe katika banda la nyumba yake, akitumia injini, giaboksi, ekseli na usukani alivyovitoa katika gari jingine kuukuu. Alilolipenda kijana wetu ni lile lisilo paa wala milango, lenye magurudumu mapana ya kukimbilia mchangani. Asili yake ni California, ambako mnamo mwaka 1964 Bruce Meyers aliunda bodi ya faiba akaitilia mitambo ya Volkswagen, ile yenye mgongo wa kobe, ambayo sisi tuliokulia Mombasa, Unguja na Dar es Salaam twaikumbuka vyema. Baadaye ikawa desturi kuichukua sakafu ya Volkswagen, kuikata na kuifupisha, kisha kuifungia bodi ya faiba juu yake.

Gari hilo lilikuwa likiuzwa na ndugu mmoja tunayesali naye Ijumaa, mtu wa heshima, ambaye watoto wetu humwita Ami. Alitaka pauni 6,000. Kijana alikwisha kuweka nusu yake kwa kazi za Jumamosi. Nusu ya pili ilikuwa itoke katika zamu yetu ya upatu, fedha tulizozikusudia kwa nauli ya kumleta bibi yao kutoka Mombasa. Hatuwafichi kwamba tulivutana. Mwishoni tulisema: bibi atakuja mwakani inshallah, na muuzaji ni mwenzetu, basi kuna nini cha kuogopa?

Yuko mzee mmoja fundi, asili yake Tanga, akaaye mtaa wa pili. Tulipompelekea habari ile kwa furaha, hakuuliza bei wala rangi. Aliuliza: "Mmelisoma?"

Tukamwambia kadi yake tumeiona.

"Kadi ni karatasi," akasema. "Nauliza gari. Gari la kiwandani lina nasaba moja. Hilo lenu limezaliwa na magari mengi. Lisomeni lenyewe kwanza, kisha ndipo msome karatasi."

Siku ya pili tukaenda naye. Kadi ya gari, yaani ile V5C inayotolewa na DVLA ya Swansea, ilikuwa safi. Mzee aliiinua kwenye mwanga akaona alama ya maji ya herufi DVL, akasema karatasi hii ni ya kweli. Lakini alitukumbusha kwamba V5C huonyesha mtu aliyeandikishwa kulitunza gari tu, wala si ushahidi wa kulimiliki, na karatasi yenyewe husema hivyo. Halafu akasoma. Aina: Volkswagen. Bodi: saluni. Mbele yetu lilisimama gari lisilo paa. Huo ulikuwa mwanya wa kwanza baina ya karatasi na kitu, nao si mdogo, kwa maana kampuni ya bima ikielezwa gari lisilokuwepo yaweza kukataa kulipa siku ya ajali.

Namba ya gari ilimalizikia herufi F, ambayo ilitolewa tangu Agosti 1967 hadi Julai 1968. Namba ya chasisi iliyoandikwa katika kadi ilikuwa na tarakimu tisa, nayo ilianza na 118. Mzee akatufunza: magari ya siku hizi yana namba ya herufi na tarakimu kumi na saba, lakini Volkswagen za zamani zile zilikuwa na mtindo wake. Tarakimu mbili za kwanza zataja aina ya gari, na ya tatu ni mwaka wa modeli. 8 maana yake ni 1968. Hadi hapo kadi na herufi F zilikubaliana.

Kisha akamwomba mwenyewe ruhusa ya kuinua kiti cha nyuma. Katika Volkswagen ile namba hugongwa juu ya tuta la chuma lipitalo katikati ya sakafu, mahali ambapo kiti cha nyuma hulifunika. Akasugua rangi kwa kitambaa na mafuta, akamulika kurunzi, akamwita kijana wetu asome kwa sauti. Kijana akasoma tarakimu moja moja, nasi tukahesabu. Zilikuwa kumi, si tisa, nazo zilianza na 112. Tangu modeli ya 1970 namba zile zilikuwa na tarakimu kumi. Sakafu ile ilikuwa ya gari la 1972.

Kimya kiliingia bandani. Basi gari lilikuwa na nasaba mbili: karatasi ya gari moja, na mwili wa gari jingine. Huenda mtu zamani alikuwa na kadi ya Volkswagen iliyooza, na sakafu nzima isiyokuwa na kadi, akaviunganisha bila ya nia mbaya. Huenda sakafu ile iliibiwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kujua, na hapo ndipo penye hatari, kwani sheria ya nchi hii haimpi mnunuzi umiliki ambao muuzaji hakuwa nao. Likidhihirika kuwa ni la wizi, gari hurudi kwa mwenyewe au kwa kampuni yake ya bima, na mnunuzi, hata akiwa na nia njema kama maziwa, hubaki kumdai aliyemuuzia. Yaani sisi tungekuja kumdai Ami.

Yeye alibadilika uso. "Kwani hamniamini?" akauliza. "Mimi nimelinunua miaka sita iliyopita kwa mkono wangu huu." Na kweli alilinunua hivyo, kutoka kwa mtu asiyemjua, kwenye maonyesho ya magari, wala hakuinua kiti hata siku moja. Tulimwambia twamwamini yeye, ila gari halikusema kama alivyosema. Hakutujibu. Tukatoka bila ya gari, na kwa Ijumaa tatu alitusalimia kwa mbali.

Ijumaa zile zilikuwa nzito kwetu kuliko pauni zozote. Tulijiuliza kama tumevunja udugu kwa ajili ya chuma. Lakini kila tulipolipima tuliona kwamba kukagua si kudhania mtu ubaya. Katika Suratul Baqara imo aya ndefu kuliko zote, nayo inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi baina ya Waislamu, watu wanaopaswa kuaminiana. Maandishi huulinda udugu usije ukabebeshwa mzigo usiouweza. Kama tungelinunua kwa kuoneana haya, kisha polisi wakaja kulichukua, ni udugu gani ungesalia?

Wiki ya nne alikuja mwenyewe nyumbani, akaketi, akanywa chai. Alisema ameiandikia DVLA akawaeleza namba zote mbili, na ameliondoa gari sokoni hadi watakapoamua. Alitutaka radhi, nasi tukamtaka radhi.

Kwa hivyo, ndugu, atakaye gari la vipande lililotumika na ayafanye haya kabla ya kutoa hata pauni moja. Lione nyumbani kwa muuzaji, pale panapotajwa katika kadi. Tafuta namba iliyogongwa katika chuma chenyewe, wala usitosheke na kibati kilichopigiliwa, kwa sababu kibati huhama. Na kibati cha mtengeneza bodi ni jina la bodi tu. Pitisha kidole uone kama chuma kimepigwa tupa au kuchomelewa. Linganisha namba ya injini na kadi. Injini kubadilishwa si kosa, kosa ni kutoarifu. Omba risiti za vipande na picha za siku gari lilipoundwa, na uliza gari lililotolewa viungo lilikuwa lipi. Tazama historia ya ukaguzi wa MOT, ambayo hupatikana bure kwa namba ya gari, uone lilivyoelezwa mwaka hadi mwaka. Lipia pia uchunguzi wa deni, wizi na ajali, ingawa uchunguzi huo hufuata namba ya karatasi. Kama karatasi ni ya gari jingine, majibu nayo ni ya gari jingine.

Wala msiiogope herufi Q. Gari ambalo umri wake au asili yake haikuthibitika hupewa namba inayoanzia Q, na watu hulidharau. Hata baadhi ya makampuni ya bima husitasita. Sisi twaliona kama mtu akiriye mbele ya watu kwamba hawajui babu zake wote.

Kijana wetu, miezi mitano baadaye, alinunua gari la namna hiyo hiyo lenye namba ya Q. Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya lile la kwanza, akalipa kwa fedha zake peke yake. Kabla ya kukubaliana aliinua kila kilichoinuka, akasoma kila kilichosomeka, na kadi ikasema sawasawa na chuma. Zamu ya upatu ilibaki kwa kazi yake. Bibi alifika mwezi wa Juni, na jambo la kwanza alilotaka kujua ni kwa nini mjukuu wake amenunua gari lisilokuwa na paa katika nchi ya mvua. Hilo hatukuwa na jibu lake.

Wabillahi tawfiq.