Kasa si wa watalii peke yao
Watu wangu wa Mtopanga, bahari tunayo hapo chini tu, lakini ukitaja ubao wa kupiga kasia unaambiwa, "Hayo mambo ya wazungu." Nani kasema? Jumapili nimejaribu mara ya kwanza pale Bamburi, ndani ya mwamba, maji yamejaa. Unaanza kwa magoti, ukisimama unaangalia mbele, si miguuni. Mara kasa akaibuka, akavuta pumzi, akazama. Mwacheni hivyo hivyo. Anapumua hewa kama sisi. Ukimfukuza unamnyima pumzi. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ipo tangu 1986, ila wengi wetu hatujamwona kasa akiwa hai. Sasa siku akinaswa kwenye nyavu, nani atamtetea?