Pambo Lisemalo: Sanamu ya Afrika Juu ya Saa ya Kifaransa

Katika uhakiki wa fasihi yetu kuna kauli iliyozoeleka mno, kwamba tashbihi, sitiari na tamathali nyinginezo "hupamba lugha". Kauli hii huchukulia kuwa pambo ni kitu cha ziada ambacho msomaji anaweza kukibandua ili aifikie maana. Binafsi naiona kauli hiyo kuwa ya hatari, na ushahidi wangu hautoki katika shairi wala riwaya. Unatoka katika saa za mezani zilizoundwa Paris mwishoni mwa karne ya 18.

Saa hizo zilikuwa kazi ya mafundi wengi. Mmoja aliunda mitambo. Wengine walisubu sanamu za bronzi, wakazitia nakshi na kuzipaka dhahabu iliyochanganywa na zebaki. Zebaki ilifukuzwa kwa moto ili dhahabu ibaki, na mvuke wake ulikuwa sumu kwa waliofanya kazi hiyo. Sanamu hazikuchangia chochote katika mwendo wa saa. Kamani ingekazwa na akrabu zingezunguka hata bila ya sanamu hizo. Ikiwa basi kuna mahali ambapo pambo lingestahili kuitwa pambo tu, ni hapa.

Hebu tuitazame saa iitwayo "Afrika", ambayo mchoro wake uliandaliwa na Jean-Simon Deverberie mnamo mwaka wa 1799. Mwanamke ameketi juu ya saa, ana upinde na mishale. Ngozi yake ni bronzi iliyotiwa weusi. Vazi lake la manyoya linang'aa dhahabu. Deverberie alibuni pia saa ya "Amerika", na mwanamke wa huko naye amevikwa manyoya. Mabara mawili yaliyotenganishwa na bahari yameshonewa vazi moja. Mhakiki wa riwaya angesema bila kusita kwamba hawa ni wahusika bapa.

Ubapa huo una historia. Ufaransa ilipiga marufuku utumwa katika makoloni yake mwaka 1794, lakini walowezi wa kisiwa cha Mauritius waliikataa amri hiyo, na mwaka 1802 Napoleon akaurejesha utumwa. Kisiwa hicho ndicho mandhari ya riwaya ya Bernardin de Saint-Pierre, Paul et Virginie, ambayo wahusika wake nao waligeuzwa kuwa sanamu za saa. Ndicho pia kinachotuunganisha sisi wa pwani na saa hizi. Mwaka 1776, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliweka mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja.

Katika sanamu ya Deverberie hakuna mnyororo, jembe wala shamba la miwa. Kuna mwindaji aliye huru, amepambwa kwa dhahabu, na hadai chochote kwa mwenye sebule. Hiyo ndiyo kazi ya pambo hili: limemwezesha mnunuzi kuitazama Afrika kila alipotaka kujua saa, bila kuuona utumwa.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anaponiandikia kwamba sitiari fulani "imepamba" shairi, humrudishia karatasi yake na swali: imepamba nini, na imemfichia nani?